Uso wa pupe: upake mwenyewe ao umlipe fundi?

Wanaonijua wanangoja niandike tena juu ya mihogo na ugonjwa wa mozaiki. Leo hapana. Leo nawaletea jambo ambalo hakuna profesa aliyenifundisha katika miaka yote ya licence: uso wa mwanasesere, ile kitu nyumbani tunaita pupe. Usicheke kwanza. Uso huo ulinigharimu dola 32, wiki karibu sita, na heshima yangu mbele ya mtoto wa miaka minane.

Mama mdogo wetu alikimbia vita, akavuka ziwa, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, kule mkoa wa Kigoma, kama watu wengi sana wa Fizi. Kisha akapelekwa Marekani. Huko, pamoja na kazi yake ya usiku, alianza kukusanya wanasesere. Si wale wa kuburuza chini. Ni wale wanaowekwa kabatini, wenye nywele zilizosukwa, viatu vya kufunga kamba, na uso uliopakwa kwa mkono. Mmoja, mwenye ngozi ya kahawia kama yetu, alimtuma kwa binti ya yaya yangu ndani ya sanduku la mtu aliyepitia Bujumbura.

Binti hakuambiwa habari ya kabati. Alimwogesha pupe ziwani. Alimsugua kwa sabuni na mchanga, vile sisi tunasugua sufuria. Baada ya miaka miwili jicho la kushoto lilikuwa limefutika kabisa, la kulia limebaki kama alama ya kalamu, na midomo hakuna. Siku moja akaniletea: “Mjomba, haoni tena.”

Kuna fundi wa vibao karibu na soko. Ndiye anayechora vichwa vya vijana kwenye milango ya saluni za kunyoa, na majina ya maboti. Nikamwonyesha. Akamgeuza pupe, akabonyeza shavu kwa kidole, akasema dola kumi. Mimi nikahesabu: macho mawili na mdomo mmoja, dola kumi? Mtu aliyechora majani ya mahindi yaliyokatwa kwa wembe, kama yanavyoonekana kwa hadubini, na akapata maksi nzuri, ashindwe na macho ya pupe? Nikarudi nyumbani na pupe yangu.

Nilinunua makopo matatu madogo ya rangi ya mafuta, ile ya kupaka madirisha: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Dola tisa. Pinso mbili, dola tatu. Vernisi, dola tano. Jumla 17. Nikapaka usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu, na nasema kweli, ile usiku nilijiona msanii.

Siku ya tatu rangi ilikuwa bado mbichi. Nikamweka juani. Siku ya tano, mbichi. Siku ya tisa nikagusa jicho, kidole kikanata, nikakitoa na nusu ya mboni. Vumbi lilikuwa limeingia, unyoya wa kuku pia, na ile vernisi niliyoweka juu ilikuwa imefanya mikunjo kama maziwa yaliyopoa. Binti akauliza kama pupe ana ugonjwa wa macho.

Sasa ngoja nieleze kilichotokea, maana hapo ndipo jibu la kichwa cha andiko hili lilipo, na wengi wanadhani swali ni la kipaji tu. Wanasesere hawatengenezwi kwa kitu kimoja. Kuna wa plastiki ngumu. Kuna wa rezini, ambayo ni nzito na baridi kama kauri. Kuna wa kitambaa na wa mti. Na kuna wa vinili laini, ile ambayo shavu lake linabonyea kidogo ukilifinya. Huyo wetu kichwa chake kilikuwa vinili. Vinili kwa asili yake ni ngumu. Kiwanda huilainisha kwa kuchanganya ndani yake dawa za majimaji zinazofanana na mafuta. Dawa hizo hazikai zimetulia. Zinatembea polepole kuelekea juu. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake, zinaingia ndani ya rangi na kuizuia isikaze. Inaweza kunata miezi, inaweza kunata miaka. Jua haliisaidii. Kuomba pia.

Fundi alijua hilo alipobonyeza shavu. Hakuwa na maneno ya kemia, lakini kidole chake kilijua. Mimi mwenye maneno sikubonyeza.

Nikakaa wiki mbili na aibu yangu, kisha nikarudi. Akaangalia, akanyamaza, akaniuliza: “Enjinia, uliweka nini humu?” Nikamwambia. Akasema sasa ni dola kumi na tano: kumi ya uso, tano ya kufuta ujinga. Neno ujinga sikuliongeza mimi. Sikubishana.

Kufuta kulimchukua siku mbili. Alitumia dawa ya kutoa rangi ya kucha, ile yenye asetoni, lakini kidogo kidogo: pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, kugusa, kuzungusha, kutupa pamba, kushika nyingine, kisha haraka kuosha kwa maji na sabuni. Akanionya nisije nikafanya vile kwa plastiki ngumu ao rezini, maana asetoni inaziyeyusha na kuziacha na makovu. Kwenye vinili inavumilika ukiwa na mkono mwepesi. Hata hivyo midomo iliacha doa la waridi ambalo halikutoka. Rangi nyekundu hupenda kuzama ndani ya vinili. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii hawapaki moja kwa moja kwenye ngozi ya pupe; wanatanguliza tabaka jembamba la vernisi isiyong’aa, rangi ikae juu yake.

Hiyo vernisi ndiyo siri yote. Mimi nilidhani kazi ni kuchora jicho. Kazi ni kujenga tabaka. Unaosha uso, unaukausha, hushiki tena kwa vidole vyenye mafuta ya ndagala. Unapaka vernisi. Unapaka kivuli cha mashavu na cha pembeni mwa pua, chepesi sana. Unafunga kwa vernisi. Unachora nyusi. Unafunga. Unaingia kwenye jicho. Unafunga tena. Ukikosea nyusi, unafuta nyusi tu kwa maji, kwa sababu shavu liko salama chini ya kifuniko chake. Sisi wa kilimo tunaelewa hili vizuri: hujaribu mbegu mpya kwenye hekta nzima, unaanza na kipande ambacho kikifa hakikuui na njaa. Mimi nilikuwa nimepanda hekta nzima kwa usiku mmoja, na mvua ilikuwa haijanyesha.

Rangi yenyewe ilikuwa akriliki, ile ya maji, aliyoletewa kutoka Bujumbura. Akriliki ikikauka inashika, haigombani na vinili kama ile ya mafuta. Huko nje wenye mchezo huu hutumia pia unga wa pasteli unaopakwa kwa pinso kavu kwa ajili ya mashavu, na kalamu za rangi za maji kwa nywele za nyusi. Vernisi yao mara nyingi ni ya kupuliza. Ukipata ya kupuliza, jua mambo mawili: ipuliziwe nje ukiwa umefunika mdomo na pua, na usiipulize siku yenye unyevu. Hewa ikiwa na maji mengi, vernisi inaweza kukauka na ukungu mweupe juu ya uso. Kwetu hapa pembeni ya ziwa, mwezi wa nne, ni heri ungoje siku kavu, ao ufanye kama fundi aliyetumia ya kupaka kwa pinso.

Nilikaa kwenye kibao chake siku nne nikiangalia, kazi ya kutwa hakuna, mnajua hali yetu. Kwanza aliniomba picha ya pupe akiwa mpya. Tukaipata kwenye WhatsApp ya yaya. Akachora jicho kwenye karatasi mara saba kabla ya kugusa kichwa. Alipoanza, hakumaliza jicho moja ndipo aende kwa lingine kama nilivyofanya mimi. Alikwenda pamoja: mstari wa juu hapa, mstari wa juu kule, mboni hapa, mboni kule. Kila mara alimgeuza pupe kichwa chini, ao akamtazama kwenye kioo cha saluni ya jirani. Niliuliza kwa nini. Akasema jicho lako linazoea kosa lako, ukiligeuza linashtuka. Weupe wa jicho hakuupaka mweupe kabisa. Aliuchanganya na tone la kahawia, kwa sababu jeupe tupu linampa pupe sura ya mtu aliyeona nyoka. Kope za juu nyeusi zaidi kuliko za chini. Nukta ya mwanga, upande uleule kwa macho yote mawili. Mwisho kabisa, juu ya mboni tu, tone la vernisi inayong’aa, na pale pupe akaanza kuona.

Msifikiri naongelea fundi mdogo wa pembeni. Nchi yetu imewahi kutoa wachoraji wakubwa kutoka kwenye vibao hivihivi. Chéri Samba alifika Kinshasa mwaka 1972, akafanya kazi kwa wachora vibao, akafungua karakana yake 1975, na leo michoro yake inaning’inia katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Mtu anayeweza kukuchorea kichwa kwenye bati, kikae mvua na jua na bado umtambue nani, huyo uso anaujua.

Lakini nisiwe mnafiki. Kusema “mlipe fundi siku zote” ni uongo pia. Kuna mama mmoja wa Tasmania, Australia, anaitwa Sonia Singh. Alikuwa na kazi katika shirika la serikali la utafiti wa sayansi, CSIRO, kazi ikaisha. (Wasomi wenzangu, sehemu hiyo tunaijua.) Akaanza kuchukua wanasesere waliotupwa kwenye maduka ya mitumba, wenye midomo iliyovimba na rangi nyingi za macho, akawafuta sura ya kiwanda kwa dawa ya kucha na mafuta ya mkaratusi, akawachorea sura za watoto wa kawaida. Mama yake akawafumia nguo. Mwanzoni mwa 2015 video yake ilitazamwa na mamilioni. Watu walitaka kununua kuliko yeye alivyoweza kupaka. Naye badala ya kuficha, akaonyesha watu namna ya kufanya wenyewe.

Angalia lakini alianzia wapi: pupe waliotupwa. Kichwa kikiharibika, hakuna aliyelia. Hapo ndipo tofauti ilipo kati yake na mimi. Yeye alijifunza juu ya vitu ambavyo vina wenzake wengi sokoni. Mimi nilijifunza juu ya kitu kimoja ambacho hakina mwenzake, cha mtoto ambaye hana kumbukumbu nyingine ya bibi yake mdogo.

Basi mimi hesabu yangu sasa naifanya hivi. Ukiwa na uso mmoja, wa thamani, wa mtu mwingine: lipa. Vifaa vya kazi hii havinunuliwi nusu. Pinso nyembamba, akriliki rangi nne ao tano, vernisi mbili, asetoni, hivyo vyote utavinunua kwa uso mmoja kisha vikaukie kwenye kopo. Dola zangu 17 zilikwenda bure, na fundi bado nilimlipa. Ukiwa na nyuso nyingi, tuseme wewe na wenzako mnashona wanasesere wa kitenge mkiwaza kuuza Uvira, basi mpango wa kumlipa fundi kila kichwa utakula faida yenu yote. Mlipe awafundishe siku tatu, nunueni vifaa mara moja, haribuni vichwa kumi vya kwanza bila kulia. Kitambaa nacho kina ugomvi wake: rangi inatambaa kwenye nyuzi kama chai kwenye mkate, kwa hiyo kipakwe kwanza tabaka jembamba na likauke. Usipolifanya hilo, mdomo utafika sikioni.

Na kama ni kujifurahisha tu, nunua pupe ya bei ndogo sokoni uharibu. Mimi mwenyewe nimenunua. Wa kwanza anafanana na mkuu wa shule moja niliyowahi kusoma, sitamtaja.

Kumlipa fundi pia kuna elimu yake, na hapo ndipo nilikosea mara ya pili karibu. Nilitaka tupatane bei mpaka dola nane. Akaniambia nane inawezekana, lakini ni macho bila vernisi ya mwisho, na baada ya miezi miwili nitarudi. Nilifikiri ananitisha, leo najua alikuwa ananipa hesabu ya kweli. Ukikata bei ya kazi ya tabaka, umekata tabaka. Kwa hiyo ongeeni mapema: rangi ni za nani, tabaka ngapi, picha gani anafuata, siku ngapi, na ikiharibika mkononi mwake inakuwaje. Usiangalie herufi zake nzuri kwenye vibao. Mwombe uone nyuso. Mlipe nusu ya kuanzia. Halafu umwache. Mimi nilimwambia mara tatu aongeze kope, mara ya tatu aliweka pinso chini akaniuliza kama nataka kukaa kwenye kiti chake. Katika nchi ambako posta inafanya kazi, watu hukitoa kichwa cha pupe na kukituma peke yake kwa msanii wa mbali, wanakaa na mwili bila kichwa kwa miezi wakisubiri zamu yao. Sisi tuna bahati, msanii yuko mita mia tatu, tunaweza kwenda kumsumbua kila siku.

Jambo moja la hatari. Rangi za mafuta za makopo, katika nchi nyingi bado zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Pupe ambaye bado anawekwa mdomoni asipakwe na rangi hizo, awe fundi awe mjomba. Nilipolikumbuka hilo, na nililisoma kabisa darasani kwenye somo la udongo, ile rangi yangu kutokauka niliiona kama bahati.

Na mtu mmoja aliniuliza nilipokuwa nasimulia haya, huko juu Fizi: ana sanamu ya mti ya babu yake, uso umechakaa, je, ampe fundi? Hapana. Wala usijaribu mwenyewe. Sanamu na vinyago vya kale vya kwetu, kama vile vya chama cha alunga vyenye nyuso mbili na macho makubwa yaliyotiwa udongo mweupe, thamani yake iko kwenye uchakavu huohuo. Moshi, mafuta ya mikono, udongo uliokauka, ndiyo cheti chake. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyechunguza mambo ya Wabembe, alitoa kitabu kizima juu ya sanamu za eneo hili mwaka 1981, na vingi vya vitu hivyo leo viko kwenye makumbusho ya mbali. Ukipaka rangi mpya umefuta historia yake, na si rahisi kuirudisha. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kiweke mbali na mchwa, basi.

Pupe alirudi nyumbani siku ya kumi. Binti alimshika kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu bila kusema, mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kumtetea fundi. Halafu akasema, “Amekua.” Kweli, sura ilikuwa ya mtoto mkubwa kidogo kuliko ile ya kwenye picha. Sasa analala kitandani na haogeshwi kwa mchanga.

Jumapili mama mdogo akapiga video kutoka Marekani. Akaomba aonyeshwe pupe. Yeye anazijua nyuso hizi, ana kabati zima. Akasogeza macho kwenye simu, akauliza: “Nani alipaka? Hii si ya kiwanda.” Binti akajibu bila kusita: “Mjomba!” Nami, wandugu, nilinyamaza. Mama mdogo akanisifu, akauliza kama ninaweza kumpakia wengine wawili. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali, lakini akasema kwanza, “Mgeuze nione nyuma.” Kwa wasanii wengine ni desturi kuweka saini mahali pa siri, ndani ya kichwa ao chini ya nywele. Binti akainua nywele za pupe shingoni. Pale, kwa herufi ndogo nyeusi zilizofungwa kwa vernisi isiyong’aa, palikuwa na jina la fundi na namba yake ya simu.